Kuwinda na Kupika Mawindo Madogo: Kutoka Kichakani Hadi Chunguni

Wengi walioonja nyama ya porini wakaisukuma sahani kando husema ilinuka. Anayependa kuwapikia naye hujitahidi kuifunika harufu hiyo kwa siki, ndimu na viungo vya kila namna, mwishowe mlaji hajui tena anakula nini. Kwa maoni yangu, lawama hiyo mnyama hastahili. Mara nyingi harufu imetokana na utumbo uliopasuliwa na risasi, au mzoga uliokaa na matumbo yake hadi jioni, au damu iliyoachwa kuganda ndani ya nyama. Sungura aliyepigwa vizuri, akapasuliwa mapema na kupozwa haraka, ana nyama tamu isiyohitaji kufichwa kwa kitu chochote. Kwa hiyo humu nitakaa zaidi kwenye kupiga shabaha na saa moja inayofuata, kisha ndipo tuingie jikoni.

Mawindo ninayoyazungumzia ni sungura, kwale, kanga, njiwa, bata mwitu, na kindi kule anakoliwa. Tumbili, nyani, sokwe na popo hawamo, na naomba wasiwemo kwako pia. Ipo milipuko ya Ebola iliyohusishwa na watu walioshika mizoga ya sokwe, na hakuna mlo wenye thamani ya hatari ya namna hiyo.

Kwanza, ruhusa

Usishike bunduki kabla hujapata majibu ya maswali matatu. Je, sheria ya nchi uliyopo inaruhusu kuwinda mnyama huyu, na msimu wake umefunguliwa? Mwenye ardhi amekubali? Silaha yako ina kibali, nawe umeruhusiwa kuitumia kwa kazi hiyo? Nchi hazifanani. Kenya, kwa mfano, ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wakati kwingineko leseni ya ndege hutolewa kila mwaka pamoja na idadi ambayo mtu hapaswi kuivuka kwa siku. Usiende kwa kusikia. Uliza ofisi ya wanyamapori na usome masharti yaliyoandikwa kwenye leseni yenyewe.

Msimu hufungwa kwa sababu ya uzazi. Ukimuua jike mwenye vitoto tunduni, umeua na vile usivyoviona, na mwaka unaofuata utazunguka pori lile lile bila kuona unyayo. Hata pale sheria inaporuhusu mwaka mzima, mwindaji mwenye kulipenda pori lake hujiwekea msimu.

Tanzi na mitego ya waya siishauri hata kidogo. Haichagui inamnasa nani, na mahali pengi ni kosa la jinai. Isitoshe, inaharibu nyama: mnyama anayehangaika kwa saa nyingi humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, inanata, tena huoza upesi.

Silaha na usalama wake

Kwa sungura aliyetulia na kwa njiwa aliyetua, bunduki ya upepo yenye nguvu ya kutosha inafaa, ili mradi usivuke mita 30 na ulenge kichwa tu. Bunduki ya .22, yaani ile ya risasi nyembamba, hufika mbali zaidi na huua kwa uhakika, lakini risasi yake ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, tena hudunda ikigonga jiwe au maji. Usiipige kamwe ikiwa nyuma ya mnyama hakuna kilima au kingo ya udongo ya kuipokea. Bunduki ya marisau, yaani ile inayorusha punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, ndiyo ya ndege wanaoruka na sungura anayekimbia. Mita 35 ni mbali vya kutosha kwa wengi wetu. Zaidi ya hapo marisau hutawanyika, na mnyama huenda na majeraha kufia asikoonekana.

Ukiweza, tumia marisau ya chuma badala ya yale ya madini ya risasi. Madini hayo ni sumu kwa mlaji na kwa ndege wa majini wanaoyameza wakidhani ni changarawe. Marekani iliyakataza nchi nzima katika uwindaji wa bata na mabata bukini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayapiga marufuku kwenye maeneo yote oevu mwaka 2023. Hakikisha kwanza kwamba mtutu wa bunduki yako unafaa kwa marisau ya chuma, hasa ikiwa ni ya zamani.

Mengine unayajua, lakini yarudie kila unapotoka: mtutu hauelekezwi kwa mtu hata bunduki ikiwa tupu; kidole hakigusi kifyatulio mpaka umeshalenga; hupigi kitu ambacho hujakitambua kwa macho. Kichaka kinachotikisika si mnyama. Mkiwa wawili au zaidi, vaeni kitu cha rangi ya machungwa iliyokoza.

Kumtafuta na kumpiga

Alfajiri na jioni ndizo saa za sungura. Sungura hutoka kula kwenye mpaka wa kichaka na uwazi, na ukiona vinyesi vidogo vya mviringo, vikavu, na majani yaliyokatwa kama kwa wembe, hapo ndipo pa kukaa. Fika mapema, upepo ukikupiga usoni, kaa chini na utulie. Wanaotembea sana huona mikia tu. Baada ya robo saa pori hukusahau, na mnyama unayemtafuta mara nyingi alikuwepo muda wote, amelala chini masikio yakiwa yamebanwa mgongoni. Tafuta jicho, hilo huonekana kabla ya mwili.

Kwale husikika kabla ya kuonekana. Sikiliza sauti zao asubuhi, kisha ujongee polepole kwa kuzunguka. Wakishtuka huruka kwa pamoja na kwa kelele, na mgeni wa mchezo huu hupiga katikati ya kundi bila kumlenga yeyote. Chagua ndege mmoja, mfuate huyo huyo hadi upige, hata kama mwingine anaonekana yuko karibu zaidi.

Uamuzi mkubwa ni kutopiga. Kama mnyama amegeuza mgongo, kama jani limefunika kichwa chake, kama pumzi yako haijatulia, mwache. Risasi inayopita tumboni humtesa, kisha humwaga uchafu wa utumbo juu ya nyama yote ya mgongo na mapaja, yaani ile uliyoitaka. Lenga kichwa au shingo kwa aliyetulia. Ukishapiga, shika kwa macho mti au jiwe lililo karibu na alipoanguka, uende moja kwa moja. Akiwa bado hai, mmalize papo hapo: mshike miguu ya nyuma kwa mkono mmoja, kichwa kwa mkono mwingine, vuta huku ukikikunja kichwa nyuma kwa nguvu, mara moja, mpaka shingo ikatike. Gusa mboni ya jicho; isipopepesa, amekufa.

Saa ya kwanza

Kabla ya kutoa kisu, mtazame. Sungura aliyekuwa akiyumba, asiyekimbia alipokuona, aliyekonda bila sababu, au mwenye macho na uso uliovimba, haliwi. Ndege uliyemkuta amekwisha kufa usimguse kabisa kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege.

Vaa glavu. Sungura na wanyama wagugunaji wanaweza kuwa na tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoingia kupitia mchubuko mdogo wa ngozi, kupitia jicho, au kwa kung'atwa na kupe. Mgonjwa hupata homa kali, kidonda mahali bakteria walipoingia na tezi kuvimba, kwa kawaida siku tatu hadi tano baadaye. Hutibika kwa antibiotiki, lakini daktari asipoambiwa kwamba ulichuna mnyama wa porini anaweza asifikirie ugonjwa huo kabisa. Mwambie.

Sasa kazi yenyewe. Mwili wa sungura una joto la karibu nyuzi 39, na manyoya hulizuia joto hilo lisitoke. Bakteria wa utumboni wanaendelea kuzaliana, gesi inajaa, na kuta za utumbo zinaanza kulegea. Kila dakika ina maana, na jua likiwa kali ina maana zaidi.

Anza kwa kumkamua mkojo: mning'inize kichwa juu, bonyeza sehemu ya chini ya tumbo kwa kidole gumba ukiteremsha kuelekea mkiani. Mlaze chali. Bana ngozi ya tumbo, inyanyue ili iachane na utumbo, kisha tia kijitundu kidogo chini ya mbavu. Ingiza vidole viwili, uviweke kama reli pande zote za ncha ya kisu huku makali yakitazama juu, na upasue hadi kwenye nyonga. Kisu hakigusi utumbo hata kidogo. Ingiza mkono hadi kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, kitoboe, shika moyo na mapafu, kisha vuta kila kitu kwa mvuto mmoja kuelekea nyuma. Kata karibu na mkundu na utoe kipande kilichobaki humo.

Hapa simama uangalie ini. Ini zuri ni jekundu iliyoiva, laini, la rangi moja. Likiwa na madoa madogo meupe au ya manjano yaliyotapakaa, mtupe mnyama mzima, umfukie kwa kina, unawe mikono kwa sabuni na uoshe kisu kwa maji ya moto. Usijaribu kuokoa paja. Vijipovu angavu vilivyojaa maji kwenye ini au ukutani mwa tumbo ni jambo jingine: hivyo ni vifuko vya minyoo tegu ya mbwa. Havimdhuru binadamu, wala nyama haina ubaya ukishavitoa, lakini mbwa asipewe hayo matumbo mabichi. Ini likiwa safi, ondoa nyongo kwa kukata kipande cha ini pamoja nayo ili isipasuke, na uweke ini, moyo na figo kwenye mfuko wao peke yao.

Usimsuuze kwa maji ya kijito. Maji ya porini yana uchafu wake, na unyevunyevu huwapa bakteria nafasi. Pangusa ndani kwa kitambaa safi au karatasi, mwache wazi, mtundike kivulini penye upepo. Mfuko wa nailoni uliofungwa huku nyama bado ina joto ndio chanzo cha ile harufu niliyoitaja mwanzoni, na hivyo hivyo kuwarundika sungura watano kwenye begi moja. Kama una sanduku la barafu, weka barafu ndani ya chupa ili nyama isiogelee kwenye maji yaliyoyeyuka.

Kuchuna na kunyonyoa

Sungura huchunwa kwa urahisi kuliko mnyama yeyote ninayemjua, hasa akiwa bado vuguvugu. Bana ngozi katikati ya mgongo, ikate kwa kukingama kiasi cha kuingiza vidole vya mikono yote miwili, kisha vuta pande mbili kwa pamoja, upande mmoja kuelekea kichwani na wa pili kuelekea miguuni. Itatoka kama mtoto anavyovuliwa fulana. Kata kichwa, mkia na nyayo kwenye viungo. Nyoya lililobaki kwenye nyama liondoe kwa kitambaa kibichi. Ukilisugua kwa maji linazidi kunata.

Ndege, amua kwanza utampikaje. Akiwa wa kuokwa mzima, mnyonyoe, kwa sababu ngozi italinda nyama isikauke. Mtumbukize kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 65 kwa muda wa dakika moja, na manyoya yatatoka kwa kuvutwa tu. Maji yanayochemka hupika ngozi na kuichana. Akiwa wa mchuzi, mchune ngozi na manyoya yake pamoja, uokoe muda. Toa gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, na kwa njiwa chungulia ndani ya mdomo na koo: ukikuta utando mzito wa manjano, ndege huyo ni mgonjwa, mtupe. Kata tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Firigisi lipasue, limwage changarawe, lichunwe utando wake wa ndani.

Bata mwitu anayekula samaki na konokono wa majini ananuka kweli, na hapo kosa si la mwindaji. Harufu hiyo imo kwenye mafuta na ngozi. Vitoe vyote, na nyama iliyobaki itakuwa nzuri.

Kupumzisha nyama

Saa chache baada ya kufa mwili hukakamaa. Nyama iliyopikwa ikiwa imekakamaa hubaki ngumu hata uikoleze moto kiasi gani, kwa hiyo ipe muda. Kwenye jokofu, chini ya nyuzi 4, sungura aachwe siku mbili hadi nne akiwa amefunikwa kwa kitambaa bila kubanwa. Kama huna jokofu usijaribu kumtundika. Mpike siku hiyo hiyo kwa moto mdogo na muda mrefu.

Kabla ya kupika, kagua kila tundu la risau. Mara nyingi nyoya limeingia humo pamoja na risau. Livute kwa kibano, na risau lenyewe utalikuta mwisho wake. Nyama yenye madonge ya damu nyeusi ikate uitupe bila huruma. Kama ulitumia madini ya risasi, kata kwa upana zaidi kuzunguka jeraha, maana vipande vingine havionekani kwa macho, na watoto na wajawazito wasipewe nyama hiyo.

Kisha iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi, gramu 50 kwa kila lita, ndani ya jokofu usiku kucha. Chumvi huvuta damu iliyobaki na kuisaidia nyama kushika maji yake ikiwa motoni. Siki sipendi kuitumia hapa. Hulainisha juu tu, na ndani nyama hubaki vile vile, sasa ikiwa na uchachu.

Kukata vipande ni kazi ya dakika tano. Mikono ya mbele haijaunganishwa na mwili kwa mfupa, hivyo ikate kwa kupitisha kisu kati yake na mbavu. Mapaja yakunje nyuma mpaka kiungo cha nyonga kiteguke, ukate hapo. Mgongo ukate mbele pale mbavu zinapoishia, uugawe mara mbili. Una vipande sita; mbavu na shingo ni za supu. Chuna pia ule utando mweupe unaong'aa juu ya mgongo, maana haulainiki hata kidogo.

Sungura wa moto mdogo

Mnyama wa porini amekimbia maisha yake yote. Misuli yake imejaa nyuzi ngumu za kolajeni na mafuta ni haba. Nyuzi hizo hugeuka ute laini zikikaa kwa muda mrefu kwenye joto la juu kidogo ya nyuzi 70, lakini zikichemshwa kwa fujo nyama hujikamua ikakauka. Kwa hiyo moto uwe mdogo na subira iwe kubwa.

Kausha vipande kwa kitambaa hadi visiwe na unyevu, uvipake pilipili manga. Pasha vijiko vitatu vya mafuta kwenye sufuria nzito, kaanga vipande vichache vichache mpaka viwe rangi ya kahawia pande zote. Usivijaze vyote kwa pamoja, vitatoa maji na kujichemsha. Vitoe. Kwenye mafuta hayo hayo kaanga vitunguu maji viwili vikubwa kwa moto wa wastani mpaka vilainike na kuanza kuwa vya dhahabu, weka punje nne za kitunguu saumu na karoti iliyokatwa, kisha mimina maji au supu kidogo ukikwangua chini ya sufuria. Ule ukoko wa kahawia ndio ladha ya mchuzi wako. Rudisha mapaja na mikono, ongeza maji mpaka yafike nusu ya nyama, funika vizuri.

Mchuzi utokote kwa povu moja moja. Sungura mdogo humaliza kwa saa moja na nusu, mkubwa mbili, na mzee wa porini hata tatu. Vipande vya mgongo vitie mwishoni, dakika 40 za mwisho, kwa sababu ni laini kwa asili na vikikaa sana hugeuka vumbi mdomoni. Amepikika pale uma unapoingia pajani na nyama kuachana na mfupa yenyewe. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani aliloweshwa. Kama una kipimajoto cha jikoni, ndani ya nyama pasomeke nyuzi 74 au zaidi. Joto hilo huua bakteria wa tularemia pia.

Usiogope kuongeza mafuta au krimu kwenye mchuzi. Nyama ya sungura haina mafuta ya kutosha kumshibisha mtu, na watu waliowahi kuishi kwa sungura watupu kwa majuma kadhaa waliugua wakiwa wanakula kila siku.

Ndege

Swali la kwanza ni umri. Kwale mchanga ana mdomo wa chini unaopinda ukiubonyeza na miguu laini. Mzee ana mdomo mgumu na magamba makavu. Mchanga apakwe mafuta au siagi nje na chini ya ngozi ya kifua, aingie kwenye oveni ya nyuzi 190 kwa dakika 30 hadi 40, kisha apumzike dakika kumi kabla ya kukatwa. Mzee, na kanga karibu kila mara, ni wa sufuria kama sungura.

Njiwa ana nyama ya maana kifuani tu. Ikate pande mbili kutoka kwenye mfupa, ikaange kwa mafuta ya moto sana, dakika mbili hadi tatu kila upande, upime joto katikati. Ikizidi hapo huwa kama ini lililokauka. Miguu na mifupa viende kwenye supu.

Kinachobaki

Nyama mbichi unayotaka kuihifadhi ifunge kwa kubana sana, hewa isibaki, maana bila mafuta ya kuikinga huungua na baridi mapema. Andika tarehe na aina ya mnyama. Katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hudumu miezi sita ikiwa nzuri. Iyeyushe ndani ya jokofu, si juani wala juu ya meza. Mifupa na mbavu zichemshe saa tatu pamoja na kitunguu na majani ya viungo, kisha chuja kwa kitambaa kizito na siyo chujio la kawaida, kwa sababu vipande vya mifupa ya sungura ni vyembamba kama sindano na risau moja ulilolikosa linatosha kuvunja jino.